Kamera ya Bei Nafuu na Filamu Fupi ya Kwanza: Historia ya Jicho na Sikio

I

Kila kijana atakaye kutengeneza filamu fupi ya kwanza hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: anunue kamera gani, hali fedha zake ni chache? Swali hili huulizwa leo katika maduka ya mjini na katika vyumba vya wanafunzi wa vyuo vikuu, na wengi hudhani kwamba limezaliwa pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka mia moja, nalo limejibiwa mara nyingi, na kila jibu limeacha alama yake juu ya filamu zilizotengenezwa.

Katika makala haya nakusudia kuifuata historia hiyo kwa ufupi, na mwisho wake nitaeleza ni mizani gani anayoweza kuitumia mtu wa leo katika kuchagua. Mimi ni mtu wa lugha, wala si fundi wa mitambo. Kwa hiyo msomaji asishangae akiona kwamba nimeshikilia jambo moja ambalo mafundi hulitaja mwisho. Jambo lenyewe ni hili: bei ya kamera ilipopunguzwa, kiungo kilichokatwa kwanza kilikuwa sikio. Kwa muda mrefu kamera ya bei nafuu iliweza kuona lakini haikuweza kusikia. Na ilipoanza kusikia, ilisikia vibaya. Kwa lugha kama Kiswahili, ambayo filamu zake za kwanza zilitengenezwa kwa vyombo vya bei nafuu, jambo hilo lilikuwa na matokeo makubwa.

Kiswahili chenyewe chaweza kuitwa kutoa ushahidi. Twasema kupiga picha, kama tusemavyo kupiga chapa na kupiga simu. Mwenye kamera ni mpigapicha, na aliye mbele yake hupigwa picha. Neno kanda ni wingi wa ukanda, nao ukanda ulikuwa kitu cha kufungia au kuvaa kiunoni kabla haujawa kitu cha kuhifadhia picha. Neno filamu limepata irabu yake ya mwisho kwa kanuni ile ile iliyotupa timu, fomu na programu: sauti m hutamkwa kwa midomo, na irabu ipendayo kuifuata konsonanti ya midomo ni u. Katika maneno yote haya hapana hata moja litajalo kusikia. Kinasa sauti ni jina la chombo kingine, chenye mwenyewe mwingine. Tangu awali lugha ilimwona mwenye kamera kuwa mtu wa macho tu, na haikukosea, maana ndivyo kamera zenyewe zilivyokuwa.

II

Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha picha zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, chombo chao kilikuwa kimoja chenye kazi tatu: kilipiga picha, kilizichapa, na kiliziangaza ukutani. Filamu yao ilikuwa na upana wa milimita 35, na kila kipande kilikwisha katika muda usiotimiza dakika moja. Upana huo ndio uliokuja kuwa kipimo cha viwanda vya sinema ulimwenguni. Lakini filamu za siku zile zilitengenezwa kwa selulosi yenye nitrati, kitu kishikacho moto upesi mno. Mtu wa kawaida hakuweza kumudu gharama yake, wala haikuwa salama kukiweka kitu hicho nyumbani.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1923. Kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani ilileta filamu yenye upana wa milimita 16, iliyotengenezwa kwa kitu kisichowaka kwa urahisi, pamoja na kamera yake. Kamera, mtambo wa kuonyeshea, stendi, pazia na kifaa cha kuungia vipande viliuzwa pamoja kwa dola 335. Bei hiyo haikuwa ya mkulima wala ya karani, lakini ilikuwa bei ya mtu mmoja badala ya bei ya kampuni. Mwaka huo huo kampuni ya Bell & Howell ilitoa kamera yake ya milimita 16 iitwayo Filmo 70, iliyoendeshwa kwa springi kama saa; na mwaka 1935 Waswisi wa Paillard walitoa Bolex H16, ambayo ikawa chombo cha wanafunzi na wasafiri kwa miaka mingi.

Mwaka 1932, dunia ilipokuwa katika dhiki ya uchumi, Kodak ilipunguza tena. Filamu ya milimita 16 ilipitishwa mara mbili ndani ya kamera, kila mara ikitumika nusu ya upana wake. Ilipokwisha kusafishwa, ilipasuliwa katikati ikawa filamu ya milimita 8. Kamera yake ya kwanza iliuzwa kwa dola 29 na senti 50. Hatua ya mwisho ya njia hii ilikuwa mwaka 1965, ilipokuja Super 8, ambayo filamu yake ilikuwa ndani ya kasha la plastiki. Mtumiaji hakuhitaji tena kuivuta kwa vidole gizani. Alilisukuma kasha ndani akaanza kazi.

Yafaa msomaji aangalie hesabu za wakati ule, kwa kuwa ndizo zilizotawala uchaguzi. Futi 100 za filamu ya milimita 16, zikienda kwa picha 24 kwa sekunde, zilikwisha katika dakika 2 na sekunde 46 hivi. Kasha la Super 8 la futi 50 lilikwisha katika dakika 2 na nusu kwa mwendo huo huo. Gharama kubwa basi haikuwa kamera. Ilikuwa filamu iliyoliwa kila dakika, na malipo ya kuisafisha. Kamera ilinunuliwa mara moja, bali filamu ilinunuliwa kila siku ya kazi. Ndiyo sababu watengenezaji wa filamu wa zamani walijifunza kufikiri kabla ya kubonyeza, na filamu fupi ikawa fupi kwa lazima kabla ya kuwa fupi kwa hiari.

Na kamera zote hizi nilizozitaja zilikuwa viziwi zilipoanza. Kodak haikuleta kamera ya Super 8 yenye kunasa sauti kwa ajili ya watu wa kawaida ila mwaka 1973, yaani nusu karne kamili baada ya kamera yake ya kwanza ya milimita 16.

III

Matokeo ya uziwi huo yalionekana mapema katika nchi yetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na kituo cha kutengenezea filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Kazi hiyo ilijulikana kuwa jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika. Fedha zake nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la New York, na wakuu wake walikuwa Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu 35 zilitengenezwa, nazo zilichukuliwa kwa gari kuonyeshwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Zilifundisha habari za ukulima, afya, kodi na kuweka akiba.

Wakuu hao walikabiliwa na swali lile lile la kijana wetu wa leo. Fedha zilikuwa na mpaka, nao walichagua milimita 16, chombo cha watu wa nyumbani, badala ya milimita 35 za viwanda. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, maana bila ya huo hata filamu 10 zisingepatikana. Lakini sauti ilikuwa taabu. Walichokifanya ni kupiga picha peke yake, na kutia maneno katika sahani za santuri, ambazo zilichezwa pamoja na picha wakati wa maonyesho. Njia hii ilikuwa na faida moja kubwa: filamu ile ile iliweza kusema Kiswahili mahali hapa na lugha nyingine mahali pengine, kwa kubadili sahani tu. Hapana njia rahisi kuliko hiyo katika nchi zenye lugha nyingi.

Hata hivyo, na tuangalie kilichopotea. Mtu aliyeonekana akilima hakuwa ndiye aliyesikika. Midomo yake ilikwenda, na maneno ya mtu mwingine yakatoka. Msemaji wa sahani alikuwa mwalimu, na mwigizaji akawa mfano wa somo. Sisemi kwamba jambo hili lililetwa na kamera peke yake. Siasa ya wakati ule ilikuwa na mkono mkubwa zaidi. Lakini chombo kiziwi kiliipa siasa hiyo nafasi tayari. Mtu ambaye sauti yake haikunaswa ni rahisi kusemewa.

Katika filamu zile 35, zijulikanazo kuwa zimehifadhiwa hadi leo ni 3 tu, mojawapo ikiwa juu ya mashamba ya Kingolwira katika Morogoro. Kwa mchunguzi wa Kiswahili hasara yake ni dhahiri. Wakulima na watoto wa Usambara walisimama mbele ya kamera mwaka 1935 na 1936, wakazungumza, wakacheka. Nasi hatuna neno hata moja walilolitamka pale uwanjani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hali ilibadilika kidogo. Filamu za hadithi zilizotengenezwa Tanganyika kwa Kiswahili, kama vile Muhogo Mchungu, ziliwapa waigizaji nafasi ya kuwa watu wa hadithi yenyewe. Katika filamu hiyo aliigiza Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Lakini hizo zilikuwa kazi za serikali na kampuni. Mtu mmoja mwenye kamera yake mwenyewe alikuwa bado hajapata sikio.

IV

Mfano bora wa mtu aliyeshindana na uziwi wa kamera ya bei nafuu ni Jean Rouch wa Ufaransa. Mwaka 1946 alinunua kamera ya Bell & Howell iliyokwisha tumika, katika soko la vitu vikuukuu mjini Paris, akaenda nayo katika safari ya mtumbwi kuufuata mto Niger. Stendi yake ikapotea mtoni. Tangu hapo alilazimika kuishika kamera mkononi, na aibu hiyo ya vifaa ikawa mtindo wake, uliokuja kuigwa na wengi.

Kamera ya springi haikuweza kwenda zaidi ya nusu dakika hivi bila kutiwa ufunguo tena. Katika filamu yake Moi, un noir, iliyotoka mwaka 1958, Rouch aliwafuata vijana waliotoka Niger kutafuta kazi mjini Abidjan. Picha zilipigwa bila sauti. Lakini hakumtafuta mwalimu wa kuwasemea. Aliwaonyesha vijana wenyewe picha zao, nao wakasema juu yake yale waliyoyataka, kwa Kifaransa cha mitaani kwao, wakitania na kulalamika. Mmoja wao, Oumarou Ganda, baadaye akawa mtengenezaji wa filamu kwa jina lake mwenyewe.

Tulinganishe basi Vugiri na Abidjan. Chombo kilikuwa cha namna moja: milimita 16, bila sauti ya pale pale. Umaskini wa vifaa ulikuwa wa namna moja. Tofauti ilikuwa katika swali la nani apewe nafasi ya kusema baada ya picha kupigwa. Hivyo hatuna ruhusa ya kusema kwamba kamera ndiyo iamuayo kila kitu. Kamera huweka mipaka, na ndani ya mipaka hiyo mtu huchagua. Ila mtu hawezi kuchagua vema mpaka asipoujua.

V

Mlango wa pili ulifunguliwa na utepe wa sumaku. Mwaka 1967 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mtambo wa video wa kuchukuliwa begani, ulioitwa Portapak. Kamera ilishikwa mkononi, na mashine ya utepe ikaning'inia begani. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, tena hafifu ukizilinganisha na filamu. Lakini mambo mawili yalikuwa mapya kabisa. Kwanza, utepe haukuhitaji kusafishwa kwa dawa, na uliweza kufutwa ukatumika tena. Kwa hiyo gharama ya kila dakika ilianguka. Pili, utepe ulinasa sauti pamoja na picha, wakati ule ule, bila ya mtambo wa pili. Kwa mara ya kwanza chombo cha bei ya chini kilipata sikio.

Mwaka 1975 zikaja kanda za Betamax, na mwaka 1976 zikaja za VHS. Na mwaka 1983 Sony ikaunganisha kamera na mashine ya kanda kuwa kitu kimoja kwa ajili ya watu wa kawaida. Kutoka hapo historia ikahamia Afrika ya Magharibi. Nchini Ghana, mwaka 1987, William Akuffo alitoa Zinabu, filamu iliyopigwa kwa VHS. Nchini Nigeria, mwaka 1992, Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, ikauzwa katika kanda za VHS kama bidhaa nyingine za sokoni. Wengi hukumbuka filamu hiyo kwa ajili ya fedha ilizoleta. Mimi huikumbuka kwa sababu nyingine: watu wake walisema Kiigbo. Kanda ya bei nafuu haikuhitaji soko la nchi nzima ili kurudisha gharama, na kwa hiyo haikulazimika kuikimbia lugha ya nyumbani.

Kwetu jambo kama hilo lilitokea baadaye kidogo. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na hasa baada ya filamu iitwayo Girlfriend ya mwaka 2003, Dar es Salaam ilijaa filamu za video za Kiswahili. Zilipigwa upesi na zikauzwa upesi, na wasomi wengi wakazidharau. Yafaa tuzitazame kwa haki. Ndani yake mna Kiswahili cha mjini kilichonaswa kutoka vinywani mwa wasemaji wake: matusi na heshima, mapenzi na madeni, namna mama amwitavyo mkwewe na namna kijana amjibuvyo tajiri. Hapana mkusanyaji wa lugha aliyepata saa nyingi kama hizo.

Lakini anayezisikiliza kwa kazi ya uchunguzi hukutana na taabu. Sikio la kamera hizo lilikuwa limewekwa juu ya kamera yenyewe. Mpigapicha akisimama mbali ili chumba chote kionekane, maikrofoni nayo husimama mbali, ikasikia feni, pikipiki na jogoo kabla ya kumsikia mwigizaji. Tena kamera nyingi za nyumbani zilijiongezea nguvu ya sauti zenyewe: wasemaji wakinyamaza, ukelele wa chumba hupanda juu, na wakianza kusema hushuka ghafla. Silabi za mwisho, ambazo katika Kiswahili hubeba mengi, hupotea kabisa. Wazee husema rahisi huvunja upishi. Hapa haikuvunja picha, ilivunja maneno.

VI

Mlango wa tatu ni ule wa dijitali. Mwaka 1995 Sony ilitoa kamera iitwayo DCR-VX1000, iliyotumia kanda ndogo za DV. Picha zake ziliweza kupitishwa kwa waya hadi katika kompyuta bila kupoteza ubora, na mtu akazikata na kuziunga nyumbani. Mwaka huo huo wa 1995, Wadenmark wawili, Lars von Trier na Thomas Vinterberg, walitangaza masharti ya kutengenezea filamu waliyoyaita Dogme 95. Sharti mojawapo lilisema kwamba sauti isitengenezwe mbali na picha, wala picha mbali na sauti. Mwaka 1998 Vinterberg alitoa Festen, iliyopigwa kwa kamera ndogo ya video ya nyumbani, nayo ikapata tuzo ya waamuzi huko Cannes. Hadithi yake ni ya karamu ya jamaa, ambamo mtoto anasimama na kusema mbele ya wageni siri ya baba yake. Filamu nzima inakaa juu ya maneno yasemwayo mezani. Na picha zake zenye chembechembe hazikumzuia mtu yeyote kuyaamini.

Mwaka 2008 Canon ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyoweza pia kupiga video. Ilikuwa na uso mpana wa kupokea nuru, na iliweza kutumia lenzi za kila namna. Bei yake Marekani ilikuwa kama dola 2,700 bila lenzi, na ikaweza kutoa picha zenye sura ya sinema, mtu akionekana wazi na nyuma yake pakififia. Filamu fupi ya kwanza iliyoitangaza, Reverie ya Vincent Laforet, ilibebwa na muziki badala ya mazungumzo. Hilo halikuwa jambo la bahati tu. Kamera ile haikuwa na tundu la hedifoni, na hapo mwanzo ilijirekebishia nguvu ya sauti yenyewe bila kumwuliza mtumiaji. Ruhusa ya kuirekebisha kwa mkono ilikuja mwaka 2010 kwa programu mpya. Jicho lilikuwa limepanda daraja la sinema, na sikio likarudi nyuma kuliko lile la kamera za video za miaka iliyotangulia.

Mwaka 2015 Sean Baker wa Marekani alionyesha Tangerine, filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s. Habari hiyo ilienea duniani kote kuwa ni ushindi wa simu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Simu zile zilitiwa lenzi ya ziada, na sauti ilinaswa kando kwa vyombo vya wataalamu. Baker alipunguza gharama ya jicho, akaikataa hasara ya sikio. Wengi walioiga simu yake hawakuiga maikrofoni yake.

VII

Historia hii yatupa mizani ya kuchagulia, nami nitaieleza kwa utaratibu.

Kwanza, mnunuzi aulize kamera inasikiaje kabla ya kuuliza inaonaje. Je, ina tundu la maikrofoni? Je, ina tundu la hedifoni, ili anayepiga ajue papo hapo kwamba maneno yameingia? Je, nguvu ya sauti yaweza kurekebishwa kwa mkono? Kamera isiyo na hata moja ya hayo si lazima ikataliwe, lakini bei ya kinasa sauti cha pembeni ihesabiwe kuwa sehemu ya bei yake. Anayetumia njia hiyo apige kofi moja mbele ya kamera kila aanzapo, ili baadaye aweze kulinganisha picha na sauti.

Pili, aangalie kama nuru yaweza kutawaliwa kwa mkono: ukubwa wa tundu la lenzi, muda wa kufunguka, na rangi ya mwanga. Kamera ijiamuliayo yenyewe hubadilika katikati ya sentensi mwigizaji akipita dirishani.

Tatu, aangalie idadi ya picha kwa sekunde. Umeme wa Tanzania na Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa kwa kiasi hicho maradufu. Kamera au simu iliyopangwa kwa ajili ya Marekani hupiga picha 30 kwa sekunde, na chini ya taa hizo huweza kuonyesha mistari inayotembea ukutani. Picha 25 kwa sekunde, na muda wa kufunguka wa sehemu moja ya 50 ya sekunde, huiondoa taabu hiyo. Chombo kisichoweza kupangwa hivyo kitamtaabisha kila usiku.

Nne, asinunue kamera kwa fedha zote. Nionavyo mimi, fedha zigawanywe mafungu matatu: moja la kamera na lenzi, moja la maikrofoni na kinasa sauti, na moja la betri, kadi, stendi, taa, na chakula cha wasaidizi. Mwenye simu nzuri tayari amekwisha kulipa fungu la kwanza, nayo maikrofoni ndogo ya kubandika kifuani itamfaa kuliko kamera mpya. Vilevile kamera iliyokwisha tumika isidharauliwe. Rouch alianza kwa kamera ya sokoni. Ila iliyotumika ijaribiwe mbele ya muuzaji: irekodi dakika 10 mfululizo, na sauti yake isikilizwe kwa hedifoni.

Tano, hadithi ichaguliwe pamoja na chombo. Asiye na maikrofoni atunge filamu ya matendo, au awaachie watu wake waseme baadaye juu ya picha zao, kama vijana wa Abidjan. Filamu ya mabishano ya ukumbini, itengenezwayo kwa kamera kiziwi, haitasaidiwa na wingi wa vioo.

VIII

Liko jambo moja zaidi lisilotajwa dukani. Baadhi ya milango ya bei nafuu iliyofunguliwa ilikuja kufungwa. Sony ilikoma kutengeneza kanda za Betamax mwaka 2016, na mwaka huo huo kampuni ya Funai ya Japani ikakoma kutengeneza mashine za VHS. Kanda zilizobaki majumbani hushikwa na ukungu, na mashine za kuzisomea hupungua kila mwaka. Filamu za Kiswahili za mwanzo wa miaka ya 2000, pamoja na sauti zake zote, zimo katika hatari ile ile iliyozimeza filamu za Vugiri. Kadi za leo si salama zaidi: aliyepungukiwa na nafasi hufuta kazi ya juzi ili apate nafasi ya kesho.

Kwa hiyo gharama ya filamu fupi ya kwanza haikamiliki mpaka ihesabiwe bei ya nakala mbili, moja ikikaa mbali na nyumba ya mwenyewe. Pamoja na nakala hizo yaandikwe majina ya waliosema, mahali, tarehe, na lahaja yao. Taasisi za lugha nazo hazina budi kuzipokea kazi za namna hii, hata zikiwa duni kwa picha, kama zinavyopokea hadithi na mashairi yaliyoandikwa kwa mkono. Mwanafunzi apigaye leo dakika 8 za wavuvi wa Kilwa au wa Pemba huenda asiwe mtengenezaji mkubwa wa filamu. Lakini kama maikrofoni yake ilikuwa karibu na vinywa vya wavuvi hao, na kama nakala yake imehifadhiwa, mchunguzi wa miaka 90 ijayo atayasikia maneno ambayo sisi hatukuyapata kutoka Vugiri.